Kumalizia safari Lamu wakati mfuko umekuwa mwepesi

Wageni wengi wanaopanda ngazi za nyumba yetu hapa mtaa wa Langoni na begi mgongoni, Lamu ndiyo kituo chao cha mwisho. Wengine wameanzia Tanga, wengine wameshuka na treni ya Nairobi mpaka Mombasa, wakapita Kilifi, Watamu na Malindi, kila mahali wameacha kidogo, na wakifika kwetu soli za viatu zimelika na pesa zimebaki za kuhesabu. Sisi hukodisha vyumba viwili vya juu. Mama ndiye mwenye nyumba. Mimi ndiye ninayepokea wageni na kuwapa ufunguo, na jioni hukaa nao barazani wakipiga hesabu zao. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia. Nayaandika kwa kijana wa Kenya, Tanzania au Uganda anayesafiri kwa pesa aliyoidunduliza mwenyewe, maana habari nyingi za Lamu huandikiwa mtu wa kushukia uwanja wa ndege wa Manda na kupokewa na boti ya hoteli. Lamu ya mtu huyo ipo. Yako pia ipo, na si lazima iwe ya dhiki.

Nauli kwanza

Kabla hujalipia chumba, tenga nauli ya kurudi. Ukiishiwa Mombasa unaweza kulala kwa jamaa na kesho ukatafuta namna. Hapa ni kisiwani. Kutoka hapa utalipa boti mpaka Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha basi la kupita Hindi, Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, safari inayokula sehemu kubwa ya siku, kisha kutoka Mombasa mpaka kwenu. Chukua karatasi ujumlishe yote matatu pamoja na chakula cha njiani. Mara nyingi nauli peke yake inakula nusu ya kilichobaki, na afadhali uijue nusu hiyo siku ya kwanza kuliko usiku wa kuamkia kuondoka.

Lililo bora ni kununua tiketi ya kurudi siku ile ile unayofika. Mabasi yana ofisi hapa hapa mjini, huna haja ya kuvuka kwenda kununua. Kama hujajua siku ya kuondoka, mtumie hiyo pesa dada yako au rafiki unayemwamini kwa simu, umwambie akurudishie siku fulani na si kabla. Pesa ya nauli ikikaa kwenye simu yako mwenyewe itakwenda kwenye mashua ya jioni, nimeiona ikienda.

Tena angalia kalenda. Maulidi ya Lamu hufanyika mwezi wa Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal wa kalenda ya Kiislamu, watu huja kutoka Zanzibar, Ngazija huko Komoro na pwani nzima. Tamasha la utamaduni hufanyika Novemba. Desemba na Idi watu wa Nairobi hushuka. Nyakati hizo vyumba hupanda bei na viti vya basi huisha. Mwenye pesa kidogo akija wakati wa masika, Aprili mpaka Juni, atanyeshewa, lakini atapata chumba kwa bei ya kuzungumza na mji utakuwa umetulia. Mimi nikiulizwa husema njoo Julai au Agosti kabla ya shamrashamra: upepo wa kusi unavuma, jua halichomi, na usiku unaweza kulala bila feni.

Njiani na gatini

Kitambulisho au pasi yako ikae mfuko wa mbele, isiwe ndani ya begi lililofungiwa chini ya basi. Kati ya Garsen na Mokowe kuna vizuizi vya polisi, na mara nyingine abiria wote hushuka wakapanga foleni kila mmoja na karatasi yake mkononi. Mtanzania na Mganda wahakikishe muhuri wa mpakani unasomeka.

Mokowe ndipo mgeni anapopoteza pesa yake ya kwanza, na anaipoteza kwa sababu ya kutojua bei. Basi likisimama utazungukwa: huyu anashika begi, huyu anakwambia boti yake inaondoka sasa hivi, huyu anasema boti za abiria zimekwisha. Hao wote wanatafuta riziki na sina neno nao. Lakini dawa yake ni kujua bei kabla ya kushuka, na wanaoijua umekaa nao basi zima. Msichana mmoja wa Moshi alitusimulia alivyofanya. Aliketi karibu na bibi aliyepandia Garsen na kikapu cha embe. Walipokaribia Hindi akamwuliza, "Shikamoo bibi, kuvuka kwenda Lamu siku hizi ni bei gani?" Bibi akamtajia, kisha akamwambia, "Ukishuka usisemezane na mtu, mwanangu. Nishikie kikapu hiki, nifuate mimi." Akamfuata mpaka kwenye boti ya abiria wote, akalipa kama wenyeji, na alipofika upande wa pili alikuwa ameshaalikwa kunywa chai.

Kwa hiyo: uliza ndani ya basi, weka noti ndogo tayari, na ukifika gatini tafuta boti inayosubiri ijae. Boti ya kukodi peke yako itakupeleka pale pale kwa bei mara kadhaa. Begi kama unaliweza libebe mwenyewe, na useme mapema, "Ahsante kaka, nalibeba mwenyewe," kabla halijashikwa. Likishashikwa na kubebwa hatua ishirini, mlipe hamali haki yake bila ugomvi. Na jaketi la kuokolea maisha vaa, hata kama waliokaa karibu nawe hawavai.

Chumba

Ukikanyaga gati ya Lamu atakuja mtu kukupeleka kwenye chumba. Mwenye nyumba atamlipa kitu kwa kukuleta, na kitu hicho kitaingia kwenye bei yako. Mshukuru, mwambie unakwenda kupumzika kwanza, kisha nenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome. Weka begi chini ya mti, nunua kikombe cha juisi ya ukwaju, keti. Dakika kumi za kukaa hapo zitakuonyesha mji unavyokwenda, na mwenye kukuuzia juisi ni mtu mzuri wa kumwuliza nani ana chumba cha watu wa kawaida.

Nyumba za pwani zinazotazama bahari ni za bei. Mkomani, upande wa kaskazini wenye nyumba kubwa za mawe, nyingi zimenunuliwa na kutengenezwa kwa ajili ya wageni wenye uwezo. Wewe tafuta huku kwetu Langoni na kupanda juu Gadeni, ambako familia zinaishi na chumba kimoja au viwili vinakodishwa. Utasikia watoto wakienda chuo cha Kurani, utanusa vitunguu vya jirani, na hutalipia mandhari usiyokaa kuitazama.

Usilipe kabla hujaingia chumbani. Fungua bomba uone maji yanatoka, na kama ni birika la zamani lililojengewa bafuni, chungulia uone limejaa. Washa feni. Shika chandarua ukitazame juu kwenye mwanga, matundu huonekana hivyo. Uliza kama kuna dari au paa la kuanikia nguo, maana mtu wa mwisho wa safari ana nguo chafu za wiki nzima na dobi ni gharama. Chumba cha chini huwa na unyevu na joto; cha juu kinapata upepo, na kama tofauti ya bei ni ndogo lipa hiyo tofauti, usingizi ni chakula. Kama msikiti uko jirani utaamshwa na adhana ya alfajiri. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote katika mji huu, kwa hiyo amka utoke.

Bei izungumzwe kwa siku zote utakazokaa kwa pamoja. "Mama, nakaa usiku tatu, nalipa zote sasa, utanifanyia ngapi?" Sentensi hiyo inafanya kazi kuliko kulalamika. Na ukilipa vyote mara moja, kinachobaki mkononi ni cha tumbo na matembezi tu, hesabu inakuwa nyepesi.

Kula kwa saa za wenyeji

Hapa ndipo Lamu inapomhurumia mwenye pesa kidogo, na hili wageni wengi hawalijui. Chakula cha bei rahisi kipo kingi na ni kile kile tunachokula sisi, ila kina saa zake. Ukiamka saa nne asubuhi umekikosa, umebaki na mikahawa ya pwani yenye menyu za kurasa nne.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Kina mama huanza kukaanga giza halijatoka vizuri, na baada ya alfajiri vichochoro vinanukia iliki. Toka na bakuli lako. Hili nawasisitizia wageni wote, kwa sababu mgeni asiye na chombo hupimiwa mbaazi ndani ya kikombe kidogo au anahangaika kutafutiwa mfuko, lakini mwenye bakuli husimama foleni na watoto waliotumwa na mama zao na hupimiwa kama wao. Kuna mmoja karibu na kwetu anayepika mbaazi zake tui zito, juu limetulia kama malai, na upawa wake wa pili haupunguzi. Ukimwamkia kwa heshima, ukasema ni mgeni na huna haraka, atakuongezea hamri moja. Mahamri manne na bakuli la mbaazi litakufikisha adhuhuri bila kusikia njaa.

Mchana usipite pwani, ingia ndani. Kwenye Usita wa Mui, njia kuu inayopita katikati ya mji sambamba na bahari, na vichochoro vya nyuma ya soko, kuna mikahawa midogo isiyo na ubao wa bei. Wali, maharagwe ya nazi, mchicha, na siku ya bahati mchuzi wa samaki. Tazama wanapokula mahamali na mafundi. Agiza wali maharagwe, kisha uombe mchuzi wa samaki juu yake. Mara nyingi hupewa bila kuongezwa kitu, na ukiongezwa ni kidogo.

Mkiwa wawili au watatu, kuna njia nyingine bora zaidi. Nendeni soko la samaki lililo karibu na Ngome mashua zinaporudi, mnunue changu au tasi, pitieni nazi na ndimu, mje muulize mwenye nyumba kama anaweza kuwapikia au kuwaachia jiko. Kwetu mama hukubali kwa sharti moja, kwamba mmoja wenu akae akune nazi. Mgeni akikaa kwenye mbuzi akakuna nazi mbili vidole vikimtetemeka, na mama akiwa juu yake anamwonyesha asifike kwenye kifuu kwa sababu tui litakuwa na weusi, huyo ameshakuwa mtu wa nyumba hii. Chakula hicho kinakuwa cha pamoja na gharama yake ni ya samaki na nazi tu.

Jioni baada ya Magharibi pwani na Mkunguni hujaa moshi wa makaa. Viazi karai, mishkaki, bajia, mkate wa mofa wa moto. Nunua kidogo hapa na kidogo pale, ukae kwenye ukuta wa pwani ule. Ukija Ramadhani, mchana utakuta mikahawa imefungwa na ni heshima usile njiani, lakini baada ya kufuturu mji mzima unakula nje na vyakula ambavyo miezi mingine hupikwa majumbani tu hutoka barabarani. Kwa mtu wa bajeti ni mwezi mzuri, mradi aheshimu mchana wake.

Maji ya kunywa nunua chupa kubwa mara moja, kisha tafuta duka linalojaza. Utaokoa pesa, na kuna sababu nyingine. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini chupa na vifungashio bado vinakuja na boti na havirudi. Punda wetu hula takataka hizo, matumbo yao yanaziba, na hufa kwa maumivu. Hospitali ya punda iliyo pale pwani, iliyoanzishwa mwaka 1987, huwatibu bila malipo, ila tumbo lililojaa plastiki si rahisi kulitibu. Kama begi lako lina nafasi, chupa zako tupu rudi nazo bara.

Matembezi ya bure, na ya kulipia mara moja

Mji wenyewe ndio sehemu ya kutazama, na mji hauna tiketi. Uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na sababu yake utaiona ukitembea bila ramani: vichochoro vya kupishana na punda mmoja, milango ya kuchonga, daka, yaani kumbi za mlangoni, zenye viti vya mawe pande mbili ambako wazee hukaa. Nenda asubuhi kabla jua halijasimama. Ukipotea, teremka, maana kila mteremko huishia baharini.

Pita Msikiti wa Riyadha huku Langoni, ulioanzishwa na Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyefundisha hata watoto waliokuwa wakibaguliwa kwenye elimu, na ndiye anayeheshimiwa kwa Maulidi tunayoyasoma mpaka leo. Kama wewe ni Mwislamu, ingia. Kama si Mwislamu, simama nje kwa adabu, na ukiuliza kwa upole utapata mtu wa kukusimulia.

Kwa tiketi moja, mimi ningechagua Ngome. Ilianza kujengwa baada ya watu wa Lamu kushinda vita vya Shela, na ikamalizika mwaka 1821. Wakoloni waliigeuza jela, na jela ikaendelea mpaka mwaka 1984. Wazee wa rika la babu yangu walikuwa wakipita pale mbele bila kutazama juu. Leo ni makumbusho, ina maktaba, na watoto wa shule hukaa humo kusoma. Raia wa Kenya na watu wa Afrika Mashariki hulipa bei ndogo kuliko ya wageni wa mbali, kwa hiyo nenda na kitambulisho chako. Panda mpaka juu, kaa muda mrefu. Tiketi uliyoilipia itumie mpaka iishe.

Shela nenda kwa miguu. Fuata pwani kuelekea kusini, ni mwendo wa dakika arobaini au saa moja kwa anayetazama tazama. Kabla ya kutoka, uliza mtu yeyote wa pwani maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu maji makuu ya bamvua yakijaa sehemu za njia huzama na utalazimika kupita mawe ukiwa na begi kichwani au kulipa boti. Nenda maji yakiwa yanatoka. Shela yenyewe ni mji wa bei, usile huko, beba mahamri yako. Pita tu chini ya mnara wa msikiti wake mweupe, ufike mchangani. Ufuo huo una kama kilomita 12 na hakuna anayelipia kuutembea. Usiende mbali peke yako, hasa msichana; ogelea walipo watu, hakuna mwokoaji.

Na yale matuta ya mchanga nyuma ya ufuo, yaheshimu. Mvua inayonyesha pale huzama mchangani na ndiyo maji ya visima tunayokunywa na kuoga mji mzima. Watu wa hapa wamepigania matuta hayo yasijengwe. Mgeni akiacha takataka mle, ameziacha kwenye mtungi wetu.

Mwenye miguu mizuri aende Matondoni, kijiji kilicho upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa saa mbili hivi kwenye mashamba ya minazi na miembe. Huko majahazi hujengwa mchangani kwa tezo na misumari ya kupigilia kwa mkono. Toka mapema, beba maji, na utakapofika usianze na simu. Amkia kwanza, keti kivulini, utazame fundi akisukuma pamba na mafuta kwenye nyufa za mbao. Baada ya muda atakusemesha mwenyewe, na picha itapatikana bila kulipiwa.

Takwa, mji uliohamwa karne ya 17 ng'ambo, kisiwani Manda, una msikiti na kaburi la nguzo, na watu wa Shela bado huenda kuomba dua huko. Unapendeza, lakini unahitaji boti na maji yaliyojaa ili kupita mkondo wa mikoko. Usiende kama mko wawili. Ngojeni mpatikane watu sita au saba. Nyumba za wageni huzungumza, mwambie mwenye nyumba wako jioni na kesho yake huenda watu wametimia. Na ile mashua ya kutazama jua likizama ambayo kila mtu atakuuzia, kama pesa haitoshi achana nayo bila majuto. Panda boti ya abiria ya Shela jioni, lipa nauli ya mtu mmoja, keti mbele. Bahari ni ile ile.

Bei, na watu unaopatana nao

Hapa nina neno la moyoni. Mwisho wa safari huwafanya watu wengine wakali. Kijana amelipa bei kubwa Diani na Nairobi bila kusema kitu, akifika Lamu na vijisenti vyake anataka kumbana nahodha mpaka asibaki na pesa ya mafuta, anataka kumbana mama wa viazi karai kwa shilingi kumi. Hao sio waliomaliza pesa zako. Bana matumizi: tembea badala ya kupanda, kula mapema badala ya kuchelewa, ngojea boti ijae. Mtu usimbane. Patana mara moja, kwa tabasamu, na kama bei haikufai sema, "Ahsante nahodha, leo siwezi, inshallah siku nyingine," uondoke. Mara nyingi ataita nyuma yako. Asipoita, basi ndiyo bei yake ya haki.

Njia nzuri ya kupatana na boti ni kuuliza hivi: "Nahodha, tukiwa watu sita, kila mtu atatoa ngapi, na ni kwenda na kurudi?" Taja kwenda na kurudi, taja saa ya kurudi, taja kama chakula kimo. Ugomvi mwingi ninaousuluhisha barazani kwetu umetokana na neno moja ambalo halikusemwa gatini.

Mavazi pia yanaingia kwenye bei, ingawa watu hawaamini. Vijana wa bara hudhani staha ni ya kuambiwa Wazungu. Kaptura fupi na mabega wazi acha ufuoni. Nunua leso moja hapa hapa au Mombasa: itakuwa kifuniko mjini, taulo Shela, shuka usiku, pazia chumbani, na mwisho zawadi kwa mama ikifuliwa. Aliyejistiri, anayetoa salamu kabla ya kuuliza, hutajiwa bei nyingine kabisa.

Zawadi na mizigo

Mwenye pesa kidogo anunue vya kuliwa: achari, mabuyu, kashata, halwa. Kofia ya kushona kwa mkono ni kazi ya wiki nyingi na bei yake ni kubwa kwa haki. Kama huiwezi, usiitukane kwa kuitajia bei ya kofia ya mashine.

Kuna vitu viwili naomba usinunue hata kama ni rahisi. Kimoja ni gamba la kasa au chochote kilichotengenezwa nalo, kwa sababu ni kosa la jinai na kasa wetu hawajabaki wengi. Kingine ni vitu vya kale: bakuli za Kichina zilizokuwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vipande vya milango, vyombo vya shaba. Sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 inakataza kuvitoa nchini bila kibali, lakini hata bila sheria, kila bakuli inayouzwa imetoka kwenye nyumba ya bibi fulani aliyefariki na wajukuu wana shida. Kuta zetu zimejaa zidaka tupu. Usiwe mnunuzi.

Hema, jiko la gesi, viatu vya ziada ambavyo hutavihitaji tena, usivitupe. Mwambie mwenye nyumba. Kuna mvuvi anayelala kisiwani Kiwayu au ufuoni ambaye hema lako litamfaa miaka, na labda atakupa samaki.

Usiku wa mwisho na asubuhi ya kuondoka

Mabasi mengi huondoka Mokowe asubuhi mapema, kwa hiyo jioni ya kuamkia safari pita ofisini uthibitishe saa, na uulize boti ya abiria ya kuwahi basi hilo inatoka gati ipi na saa ngapi. Lipa madeni yako yote usiku, ya chumba, ya dukani, ya samaki, mwenye nyumba asiamshwe na mgeni anayetafuta chenji saa kumi na moja alfajiri. Nunua mahamri ya jioni au mwombe jirani akuwekee, ujaze chupa ya maji, utenge sarafu za choo na za chai ya njiani. Begi lifungwe kabla ya kulala.

Ndani ya basi kaa upande wa kulia, jua la asubuhi litakuwa kushoto kutoka Garsen kuelekea Malindi. Na kama mchana ukifika Malindi umepiga hesabu ukaona kuna usiku mmoja wa ziada mfukoni, shukia hapo ulale vyumba vya karibu na stendi, na asubuhi upande matatu ya kwenda Mombasa mpaka njia panda ya Gede. Magofu ya Gedi yako mwendo mfupi wa miguu kutoka barabarani, yaliingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, na kima wa pale watakupokonya mahamri yaliyobaki usipoyafunga. Ukimaliza, rudi barabarani usimamishe matatu nyingine, uwe Mombasa kabla ya giza.